ZIWA LA BARAFU AU ZIWA LA BARAFUTO? Uhakiki wa Istilahi Tano

Utangulizi

Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliutangaza mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kuhifadhi Barafuto, na likaiweka tarehe 21 Machi ya kila mwaka kuwa Siku ya Barafuto Duniani. Tangazo la namna hiyo halibaki katika vitabu vya wataalamu peke yao. Humfikia mfasiri wa idhaa, mwalimu wa jiografia, na mtumishi wa serikali anayeandaa hotuba ya mkubwa wake. Kila mmoja wao hutakiwa aseme kwa Kiswahili, na aseme upesi, mambo ambayo lugha yetu haijayazungumza sana.

Huenda msomaji akauliza kwa nini lugha iliyokulia pwani, penye mikoko na minazi, ijishughulishe na barafu ya milimani. Jibu la kwanza ni kwamba barafuto tunazo, ijapokuwa ni chache na zinatoweka: Kilimanjaro, Mlima Kenya na Ruwenzori. Taarifa ya UNESCO ya mwaka 2022 ilieleza kwamba barafuto zilizomo katika hifadhi hizi za urithi wa dunia huenda zikatoweka ifikapo mwaka 2050. Jibu la pili ni zito zaidi. Katika milima ya Himalaya na Andes, barafuto zinapopungua huacha nyuma yake maziwa, na baadhi ya maziwa hayo yamekwisha kuua watu kwa maelfu. Mwanafunzi wa Kiswahili anayo haki ya kulielewa jambo hili kwa lugha yake kama anavyolielewa mwanafunzi wa Lima au Kathmandu.

Makala haya hayakusudii kuorodhesha istilahi mpya tu. Yanakusudia kuhakiki zile ambazo tayari zimo midomoni na kalamuni mwetu. Kwa ajili hiyo tuichukue sentensi ifuatayo:

"Kutokana na kuongezeka kwa joto, barafuto zinarudi nyuma na maziwa ya barafu yanajaa, bwawa likivunjika kutatokea mafuriko ya ghafla."

Sentensi hii hatukuitoa katika kitabu cha mtu yeyote. Tumeitunga wenyewe kwa kukusanya pamoja mazoea ambayo mhariri wa tafsiri hukutana nayo. Sarufi yake haina dosari, na msomaji ataipita bila kukwama. Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa ndani yake mna istilahi tano, na kila moja inampeleka msomaji mahali pasipo penyewe.

1. "Kurudi nyuma"

Neno barafuto lenyewe hatuna ugomvi nalo. Linaonekana kuwa limeunganisha barafu na mto, nalo limetimiza kazi yake vizuri kuliko maelezo marefu, kwa sababu linamkumbusha msomaji kwamba kitu hiki hutiririka. Theluji huanguka juu mlimani, hushindiliwa kwa uzito wake yenyewe miaka kwa miaka mpaka ikawa barafu ngumu, kisha barafu hiyo huteremka polepole kufuata bonde.

Basi, kama barafuto ni mto, yawezekanaje irudi nyuma? Mto haupandi mlima. Ukweli ni kwamba barafu iliyomo katika barafuto inayopungua bado inateremka. Kinachobadilika ni mahali inapokomea. Mfano wake ni ukuni mafigani. Mpishi husukuma ukuni mbele, na moto huula ncha yake. Moto ukila upesi kuliko mkono unavyosukuma, ukuni hufupika, ingawa haukuvutwa nyuma hata mara moja.

Kwa hiyo tungependelea kusema barafuto inafupika, na ncha yake inapanda. Mwalimu anayesema "inarudi nyuma" atakuwa na kazi mara mbili: kwanza kufundisha neno, na baadaye kuifuta picha ambayo neno hilo limeichora. Aidha, kitenzi kufupika kina ndugu yake, kukonda, ambacho kinahitajika sana. Ndimi nyingi za barafuto za Himalaya zimefunikwa na mawe na changarawe. Funiko hilo likiwa nene huzuia joto la jua, hivyo ncha ya barafuto huweza kukaa mahali pamoja miaka mingi huku unene wa barafu ukipungua chini ya mawe. Barafuto hiyo haifupiki, bali inakonda. Na katika kukonda huko ndimo ziwa linamoanzia.

2. "Ziwa la barafu"

Hii ndiyo istilahi inayotumika zaidi, nayo ndiyo yenye makosa mengi zaidi. Mtu akisikia nyumba ya udongo hufahamu kwamba nyumba imejengwa kwa udongo. Akisikia ziwa la barafu atafahamu nini, ila ziwa lililoganda? Maziwa ya namna hiyo yapo, na katika nchi za kaskazini watu huyavuka kwa miguu wakati wa kipupwe. Sisi hatukusudii hayo. Tunakusudia ziwa la maji, lililotokana na barafuto.

Kosa hili lingesameheka kama lingekuwa la sura tu. Lakini istilahi hii inaficha swali lililo muhimu kuliko yote, yaani: maji haya yanazuiwa na nini? Majibu ni matatu, na kila jibu ni ziwa la aina yake.

Aina ya kwanza ni ziwa lililozuiwa na tuta. Barafuto husukuma na kubeba mawe, mchanga na udongo, na kuvirundika mbele na kando yake. Barafuto ikifupika, rundo hubaki limesimama peke yake kama tuta la shamba kubwa lisilo na mkulima. Kati ya tuta na barafu hubaki shimo, na maji ya barafu iliyoyeyuka hujikusanya humo. Pengine huanza kwa vidimbwi vidogo juu ya mgongo wa barafuto, navyo hupanuka na kuungana. Hivyo ndivyo lilivyozaliwa ziwa Imja Tsho, karibu na mlima Everest katika Nepal. Katika miaka ya 1950 palikuwa na vidimbwi vichache tu; leo pana ziwa lenye eneo linalozidi kilomita moja ya mraba, lililo mita zipatazo 5,000 juu ya usawa wa bahari.

Aina ya pili ni ziwa lililozuiwa na barafu yenyewe. Barafuto ya bonde kuu hufunga mdomo wa bonde dogo la kando, na maji hujaa nyuma ya ukuta huo wa barafu. Karibu na mji wa Juneau katika Alaska liko bonde liitwalo Suicide Basin, ambalo limezuiwa na barafuto ya Mendenhall. Tangu mwaka 2011 maji ya bonde hilo yamekuwa yakijipenyeza chini ya barafu na kuteremka mjini karibu kila kiangazi, na mafuriko ya Agosti 2023, 2024 na 2025 yalivunja rekodi moja baada ya nyingine.

Aina ya tatu ni ziwa lililomo katika shimo la mwamba, shimo ambalo barafuto ililichimba zamani. Hili kwa kawaida ndilo tulivu kuliko mengine, kwa kuwa mwamba haubomoki upesi.

Tofauti hizi si za wataalamu peke yao. Ziwa la tuta huweza kukaa miaka mingi kimya, kisha likapasuka mara moja na tuta lake likachukuliwa na maji. Ziwa la kizuizi cha barafu hujaa, humwagika, na kujaa tena. Mwananchi wa kwanza huambiwa asijenge bondeni. Mwananchi wa pili huambiwa lini ahame na lini arudi. Istilahi moja inayowafunika wote wawili haimsaidii hata mmoja.

3. "Kujaa"

Sentensi yetu inasema kwamba maziwa haya "yanajaa". Kwa ziwa la kizuizi cha barafu neno hili ni sawa kabisa, maana usawa wa maji hupanda. Kwa ziwa la tuta neno hili linapotosha.

Ziwa la tuta aghalabu lina mahali linapomwagikia, na mahali hapo ndipo panapoamua usawa wake. Maji hayapandi juu ya hapo ila kidogo. Hata hivyo ziwa linakua. Linakuaje? Linakula barafu iliyo upande wa pili. Maji, ambayo ni meusi kuliko theluji, hulifyonza joto la jua. Joto hilo huichimba barafu usawa wa mkondo, na ukuta wa barafu ulio juu hubaki hauna nguzo. Mapande huvunjika na kuanguka majini. Ukuta husogea nyuma, ziwa hurefuka, na kila linavyorefuka ndivyo linavyopata barafu zaidi ya kula. Barafu iliyozikwa chini ya sakafu yake nayo huyeyuka, na ziwa huongezeka kina.

Msomaji azingatie maana yake. Mlinzi aliyewekwa kwenye mlango wa ziwa na mti wa kupimia anaweza kuandika tarakimu ile ile mwaka hadi mwaka, na huku ziwa limeongezeka mara nyingi. Ziwa Palcacocha, lililo juu ya mji wa Huaraz katika Peru, ni ushahidi. Baada ya kupasuka mwaka 1941 lilibaki na maji yapatayo nusu milioni ya mita za ujazo. Vipimo vya mwaka 2009 vilionyesha meta za ujazo zipatazo milioni 17. Kuongezeka huko hakukutokana na kupanda kwa usawa wa maji, bali na barafu kuyaachia maji nafasi.

Hivyo tunapendekeza kutanuka kwa ziwa la tuta, na kujaa kwa ziwa la kizuizi cha barafu. Jambo hili si dogo, kwani uchunguzi wa picha za setilaiti uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba ujazo wa maziwa ya barafuto duniani uliongezeka kwa asilimia 48 hivi kati ya 1990 na 2018.

4. "Bwawa"

Neno bwawa lina maana nyingi katika Kiswahili. Kwa mkulima ni mahali palipotuama maji. Kwa mhandisi ni mradi mzima wa kuzuia mto. Kwa msomaji wa magazeti ni ukuta, maana ndio "unaopasuka". Wingi huu wa maana hautusumbui tunapozungumzia Mtera au Kidatu, kwa kuwa hakuna anayeuliza ukuta umejengwa na nani. Unatusumbua tunapozungumzia ziwa la tuta.

Tuchukue maafa ya Sikkim, India. Usiku wa tarehe 3 kuamkia tarehe 4 Oktoba 2023 ziwa South Lhonak lilimwagika kwa nguvu, na maji yakateremka bonde la mto Teesta mpaka Chungthang, ambako yaliuvunja ukuta wa mradi wa umeme wa Teesta III wenye uwezo wa megawati 1,200. Mfasiri akiandika "bwawa lilivunjika", je, amesema nini? Amesema tuta la mawe lililoachwa na barafuto, au ukuta uliojengwa na mhandisi? Vyote viwili vilibomoka usiku ule. Cha kwanza hakuna mtu wa kuulizwa juu yake. Cha pili kina mwenyewe, mkandarasi na mkaguzi. Katika taarifa ya serikali tofauti hiyo ni tofauti ya dhima.

Wengine wamependekeza moreni kwa rundo la mawe la barafuto. Hatulikatai neno hilo katika kitabu cha jiolojia, ambamo mwanafunzi analihitaji ili kuwasiliana na wenzake duniani. Lakini katika maandishi ya umma tuta lina sifa ambayo moreni halina: kila mkulima analijua. Anajua kwamba tuta hurundikwa bila kujengwa, kwamba halina saruji, na kwamba maji yakipata upenyo mdogo juu yake huuchimba mpaka tuta lote likaenda. Hayo ndiyo hasa yanayotokea milimani. Pamoja na hayo, tuta la barafuto huweza kuwa na barafu iliyozikwa ndani yake, na barafu hiyo ikiyeyuka tuta hudidimia pasipo mtu kuligusa.

Basi tuseme kizuizi kwa dhana ya jumla, tuta la barafuto kwa kizuizi cha asili, na ukuta kwa kilichojengwa. Bwawa libaki pale lilipozoea.

5. "Mafuriko ya ghafla"

Istilahi ya tano ndiyo yenye gharama kubwa. "Mafuriko ya ghafla" kwa Mswahili ni mafuriko ya mvua. Akisikia onyo hilo atatazama mawingu. Akiona mbingu ni nyeupe atarudi kitandani.

Ziwa la barafuto halingoji mvua. Tarehe 4 Agosti 1985 pande la barafu lilianguka katika ziwa Dig Tsho, Nepal, likaamsha wimbi. Wimbi likavuka tuta, maji yakalichimba, na kituo kidogo cha umeme kilichokuwa karibu kukamilika karibu na Namche kikachukuliwa. Huaraz ilipigwa tarehe 13 Desemba 1941, asubuhi mapema, na makadirio ya chini ya waliokufa ni watu 1,800 hivi. Hata Sikkim mwaka 2023, habari za mwanzo zilitaja mvua kubwa iliyoangushwa na wingu moja juu ya ziwa. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba tuta la kando, lililokuwa limeganda, liliporomoka ndani ya ziwa na kuinua wimbi. Jina la kwanza la maafa lilielekeza macho angani, na kumbe chanzo chake kilikuwa ardhini.

Ni jambo la kuzingatia kwamba watu wanaoishi na hatari hii hawakuipa jina la mafuriko ya kawaida. Watu wa Iceland wana neno jökulhlaup, ambalo limeunganisha barafuto na mbio, nalo limepokewa na wataalamu wa dunia nzima kama lilivyo. Watu wa Peru husema aluvión, wakikusudia mchanganyiko wa maji, matope na mawe. Kila lugha ilitazama ilichokiona.

Sisi tuseme nini? "Mafuriko ya ziwa" ni fupi, lakini imekwisha kuchukuliwa: maji ya Ziwa Viktoria yalipopanda mwaka 2020 na kufunika makazi ya ufukweni, hayo nayo yalikuwa mafuriko ya ziwa. "Mafuriko ya mpasuko" ni bora zaidi, ila haielezi hali ambayo wimbi huvuka tuta na tuta lisipasuke, wala hali ya maji kujipenyeza chini ya barafu. Pendekezo letu ni mfoko wa ziwa, kutokana na kitenzi kufoka. Chungu kikifoka jikoni si lazima kiwe kimepasuka. Kilichomo kimetoka kwa nguvu, na aliye karibu ataungua. Neno ni letu, linaeleweka, na linazaa: ziwa limefoka, bonde la mfoko, onyo la mfoko, mafuriko ya mfoko.

Uzito wa istilahi

Patakuwapo watakaosema kwamba tunachuja mno, na kwamba muktadha utamsaidia msomaji. Muktadha humsaidia msomaji aliyekaa kitini. Haumsaidii anayesomewa onyo kwa redio, wala hakimu anayesomewa tafsiri ya ushahidi. Mwaka 2015 mkazi wa Huaraz, Saúl Luciano Lliuya, aliishtaki kampuni ya umeme ya Ujerumani kwa mchango wake katika joto lililolitanusha ziwa Palcacocha. Mahakama ya Hamm iliitupa kesi hiyo tarehe 28 Mei 2025, kwa kuwa hatari ya nyumba yake kufikiwa na maji haikuonekana kuwa kubwa vya kutosha. Lakini ilikubali kwamba, kimsingi, wachafuzi wakubwa wa hewa waweza kudaiwa kwa sheria ya nchi hiyo. Shauri kama hilo hutegemea mambo ambayo sentensi yetu ya mwanzo imeyachanganya: nini kinazuia maji, nini kitaanguka ndani yake, na maji yatafika wapi.

Tena uchunguzi uliotolewa mwaka 2023 ulikadiria kwamba watu milioni 15 hivi duniani wanaishi mahali panapoweza kufikiwa na mfoko wa maziwa haya. Hatari yenyewe hupunguzika watu wakiielewa: Nepal iliteremsha usawa wa Tsho Rolpa kwa mita zipatazo 3 mwaka 2000, na usawa wa Imja Tsho kwa zaidi ya mita 3 mwaka 2016, kwa kuchimba mfereji katika tuta. Kazi hiyo haiwezi kuelezwa kwa anayeamini kwamba ziwa ni la barafu na kwamba bwawa lilijengwa.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunawasilisha kwa wasomaji istilahi zifuatazo ili zijadiliwe: barafuto kufupika, na barafuto kukonda, badala ya kurudi nyuma, ziwa la barafuto kwa jina la jumla, na chini yake ziwa la tuta, ziwa la kizuizi cha barafu na ziwa la mwambani, ziwa kutanuka pasipo kupanda usawa, na ziwa kujaa panapopanda usawa, tuta la barafuto kwa kizuizi cha asili na ukuta kwa kilichojengwa, na mfoko wa ziwa badala ya mafuriko ya ghafla. Ziwa lililoganda lisemwe hivyo hivyo, ziwa lililoganda.

Kwa istilahi hizo sentensi yetu itasomeka hivi: "Kutokana na kuongezeka kwa joto, barafuto zinafupika na kukonda, na maziwa ya tuta yanatanuka, kitu kikubwa kikianguka majini, au tuta likibomoka, ziwa litafoka hata kama hakuna mvua."

Imezidi ya kwanza kwa maneno machache. Mfasiri atakayeona kwamba urefu huo ni mzigo na apendekeze fupi zaidi, mradi tu lisipunguze maneno manne ya mwisho.